Kila Siku Nyumba Moja

Kaagya, 9 Machi 2025

Shangazi Joanitha,

Shikamoo. Usishtuke kuona karatasi badala ya kusikia sauti yangu. Simu nimeikabidhi kwa katekista wetu, Ta Nathanieli, naye ameifungia sandukuni hadi Pasaka. Niliona kila nikiishika inanirudisha kwa watu wale wale na vilabu vile vile. Kwa hiyo tutaandikiana kama enzi zako. Barua nitampa kondakta wa basi la Muleba, mtu wa bodaboda akufikishie hapo Ngenge.

Mama anakusalimu. Goti linamsumbua mvua ikikaribia, ila ulimi wake hauna tatizo lolote. Kahawa imeshika vizuri. Evelyne bado yuko Bilele kwa wazazi wake, pamoja na mtoto wetu. Amemwambia paroko kwamba nikivuka Kwaresima nzima bila kuonja pombe, atarudi nyumbani Jumatatu ya Pasaka. Mimi mwenyewe hajaniambia neno, na simlaumu.

Sasa nikueleze ninachofanya. Unakumbuka Krismasi, tulipokuwa jikoni kwa mama, ulisema mtu aliyeacha pombe lazima mikono yake ipewe kazi, la sivyo itakwenda kuitafuta chupa yenyewe. Ukasema, "Kila siku nyumba moja, bila kuruka." Jumuiya yetu ina nyumba arobaini ukiacha ya kwetu, na Kwaresima ina siku arobaini ukiacha Jumapili. Nilipohesabu nilisisimka mwili mzima. Nimeweka nadhiri mbele ya jumuiya: naamka saa kumi na moja alfajiri, nasali rozari, kisha naingia kwenye kibanja cha nyumba moja na kuisafisha migomba yao. Nakata majani makavu, napunguza machipukizi, naondoa yale maua ya zambarau yanayoning'inia chini ya mkungu. Silipwi, sili kwao, sinywi hata maji. Natumia panga la marehemu baba tu, lile alilolifunga waya kwenye mpini.

Nimeshamaliza nyumba nne. Ya kwanza nilichagua ya Ta Apolinary kwa makusudi, kwa sababu ndiko nilikokuwa nakunywa lubisi yake ya ndizi mpaka nalala chini ya migomba yake. Nilipopita karibu na mtumbwi wanaokamulia ndizi, harufu ilinivuta. Nikasali Salamu Maria tatu, nikaendelea. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mgomba uliolegea majani, na nilipoukata ulitoa uji wa njano, mzito kama usaha. Nikafuta panga kwenye jani, nikaenda kwenye mingine. Kesho yake nilikuwa kwa Ma Anatolia, yule mjane wa karibu na kisima. Alilia kuona mtu anamsafishia kibanja bure. Shangazi, machozi niliyowahi kumtoa mtu yalikuwa ya aina nyingine kabisa.

Niombee.

Mwanao,
Avit


Ngenge, 16 Machi 2025

Avit mwanangu,

Marahaba, tena mara mbili: moja ya salamu na nyingine ya mwandiko, maana nilishasahau kwamba unaweza kuandika ukafuata mistari. Barua yako niliisoma kwa sauti mbele ya walimu wenzangu. Walishangaa, kwa sababu huwa sisomi kitu kwa sauti isipokuwa majina ya waliofeli.

Huku mpunga umesimama vizuri na mbu wameshiba damu yetu. Kifua changu kimepona. Mwambie wifi yangu Clotilda apake goti yale mafuta niliyomletea, asiyatunze kama urithi wa wajukuu.

Nikwambie ukweli, nilipotoka kwenu Krismasi sikuamini. Kaka yangu, yaani baba yako, alipokuwa anakata roho alinishika mkono akasema, "Avit ni wako sasa, Joanitha." Miaka sita nimepita Kaagya nikiangalia chini. Leo natembea kichwa juu. Kwa hiyo nisikilize: shika ratiba, usibadilishe kitu. Nyumba moja, panga moja, saa ile ile. Ukibadilisha kidogo leo, kesho utabadilisha zaidi, na keshokutwa tutakuokota kwa Apolinary. Mtu akija na ushauri wa kukupunguzia, hata akiwa ndugu yako wa damu, ujue anakujaribu. Jumapili pumzika, Mungu mwenyewe alipumzika.

Na huo usaha wa mgomba! Karibu miezi mitatu bila pombe na bado unaona vituko? Mgomba una maji, ukikatwa unatoa maji. Piga kazi.

Nimempa kondakta mfuko wa mchele wa hapa. Akikuletea umepungua, niambie.

Shangazi yako,
Joanitha


Kaagya, 30 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo. Mchele ulifika mzima na mama ameusifu, jambo ambalo unajua ni gumu kwake. Mafuta anapaka. Mvua ni nyingi, njia ya kisimani imekuwa tope tupu.

Nyumba ni ishirini na mbili. Ratiba sijaigusa. Lakini kuna kitu kinatokea huku na sijui nikieleze vipi.

Kwa Ta Apolinary nusu ya migomba imelala. Kwa Ma Anatolia majani yananing'inia kama yamemwagiwa maji ya moto. Mikungu inaiva ikiwa bado michanga, ndizi hazijafikia hata ukubwa wa kidole gumba, na ukizipasua ndani ni nyeusi. Hazilishi mtu, hata mbuzi anazigeuzia uso. Sasa imeanza kwenye nyumba ya tatu, na ya tano, na ya sita. Ta Nathanieli anasema shetani amechukia kuona jumuiya inaamka, na tumeanza novena. Mimi nimeongeza bidii. Nikimaliza nyumba ya siku, narudi kwenye zile zinazougua, nakata yaliyonyauka, kisha napita na kwa jirani zao nikaangalie. Jana nilifika nyumba nne kwa siku moja. Nafunga Jumatano na Ijumaa, na panga nalinoa mpaka naona uso wangu.

Kuna mzee anaitwa Aroni, Mlutheri, hayumo kwenye jumuiya yetu, lakini kibanja chake kiko katikati ya vya kwetu. Chake kimesimama kijani. Nilimwonea huruma kwa upweke wake, nikaenda kujitolea hata kama hayumo kwenye hesabu. Alisimama langoni ameshika mti wenye panda, ule anaozunguka nao akivunja maua ya migomba yake. Akanitazama mkononi akasema, "Panga hilo haliingii kwangu mpaka lipite motoni." Akafunga lango.

Niliumia sana. Panga la baba, mtu aliyemzika mke wa Aroni kwa mikono yake. Nilimsimulia Ta Apolinary, na sasa maneno hayo yamezunguka kijiji kizima. Watu wanauliza kwa nini chake tu ndicho kimepona, na huo moto aliousema ni moto gani.

Mwanao,
Avit


Ngenge, 6 Aprili 2025

Mwanangu Avit,

Natumaini barua hii itakukuta salama wewe, na wifi yangu, na goti lake, na kahawa yenu, na majirani wote wa juu na wa chini. Sisi hapa tunaendelea. Mvua inanyesha. Walimu wawili wamepata uhamisho. Alhamisi bwana shamba wa kata alikuja kuzungumza na darasa la saba juu ya magonjwa ya mazao. Kijana mzuri, anajua kazi yake.

Nimekuwa nikifikiria mikono yako. Umekata sana, na mtu huchoka. Nyumba zilizobaki unaweza ukawachotea maji, au ukawapasulia kuni zilizoanguka. Panga lipumzike kidogo. Mungu haangalii chombo, anaangalia moyo, na nadhiri itakuwa ni ile ile.

Huyo Aroni usimseme tena mbele ya watu. Ni mtu mzima.

Zimebaki nyumba ngapi? Niandikie upesi.

Shangazi


Kaagya, 13 Aprili 2025
Jumapili ya Matawi

Shangazi,

Shikamoo. Mama anakusalimu, ingawa siku hizi hasemi sana. Barua yako nilipata Alhamisi, nikaisoma mara tatu kuhakikisha ni mwandiko wako.

Panga sitaliacha. Wewe mwenyewe uliandika kwamba mtu akija kunipunguzia, hata akiwa ndugu wa damu, ananijaribu. Barua hiyo ninayo, naiweka ndani ya kitabu cha sala. Nilidhani labda ulitaka kunipima, na kama ndivyo, nimeshinda. Ijumaa nilisimama nje kwa Ta Apolinary kwa muda mrefu kuliko ninavyotaka kukiri. Walikuwa wananywa lubisi iliyotoka kwenye mikungu yake ya mwisho, wananiita kwa jina. Niliondoka. Lakini nilijua kwamba kama kungekuwa na siku moja nyuma yangu niliyoiruka, ningeingia. Hizo siku ndizo zilizonivuta shati. Usiniguse hizo siku, Shangazi.

Nyumba ni thelathini na nne, zimebaki sita. Zinazougua ni kumi na tisa. Na ya kwetu imo: mgomba wa kando ya kaburi la baba umelegea tangu Jumanne. Jana nilimkuta Ma Anatolia jikoni anamenya vile vindizi vyake, anakata sehemu nyeusi anaitupa. Kilichobaki hakikujaa kiganja. Akaniambia, "Mwanangu, usiache kuja. Usipokuja wewe, nani atatuombea?"

Bati la Aroni limepigwa mawe mara tatu wiki hii. Wazee wameitisha mkutano Jumatatu ya Pasaka, uwanja wa kigango, ili aondoke Kaagya. Vijana wanasema Jumatatu ni mbali. Nakiri kwamba niliposikia nilifurahi kidogo, halafu nikaona aibu, halafu nikafurahi tena.

Siku hiyo hiyo ndiyo Evelyne anarudi. Jumamosi Kuu namaliza nyumba ya arobaini.

Avit


Ngenge, 15 Aprili 2025

Avit,

Isome hii kabla hujashika panga. Salamu nitaziandika mwishoni.

Hakuna shetani na Aroni si mchawi. Ni ugonjwa, unaitwa mnyauko wa migomba, na umesambazwa na panga lako. Ule uji wa njano ulioufuta kwenye jani kwa Apolinary siku ya kwanza ndio ugonjwa wenyewe. Kufuta hakusaidii. Ukikata mgomba mgonjwa, kisha ukakata mzima kwa panga lile lile, umeuchanja. Umebeba uji ule kutoka nyumba hadi nyumba, na uliporudi kwenye zinazougua kisha ukaenda kwa jirani, ukaongeza. Panga linatakiwa kupita kwenye moto, mgomba hadi mgomba, mpaka chuma kiwe cha kuunguza, au lioshwe kwa jiki. Maua hayakatwi kwa panga, yanavunjwa kwa mti wenye panda. Ndicho alichokuwa anafanya yule mzee langoni. Alikuwa anakuelekeza.

Mgomba unaougua ukate chini kabisa, uuache pale pale, usibebe majani yake kwenda popote. Machipukizi ya shina hilo usimpe mtu akapande.

Sasa lililo gumu. Hili sikulijua leo. Nililijua Alhamisi ile bwana shamba alipokuja shuleni, tarehe tatu. Alipofika kwenye uji wa njano, niliikumbuka barua yako. Nilimuuliza maswali mpaka wanafunzi wakacheka. Nilirudi nyumbani nikaandika barua yote kama hii, nikaichana, nikakuandikia ile ya kuchota maji.

Nilijiambia nakulinda. Nilisema ukijua kazi yako yote ni sumu utarudi kwenye chupa, bora umalize kwanza, ndipo nikwambie taratibu baada ya Pasaka. Hilo lilikuwemo. Lakini lililokuwemo zaidi ni kwamba nilishawatangazia watu. Walimu, paroko wa hapa, jumuiya yangu, wote wanajua habari za Avit niliyemnyoosha mimi. Nilitaka zitimie arobaini. Nimekufundisha kutawala koo lako, na mimi nikashindwa kutawala kiburi changu kwa siku kumi na mbili. Ndani ya siku hizo umeingia nyumba kumi. Nimezihesabu.

Usiingie ya kumi na moja. Nenda kwa Aroni kabla vijana hawajaenda. Barua nampa kondakta wa kesho alfajiri, na nimempigia Ta Nathanieli mara tisa, simu haipatikani.

Shikamoo yako nimeipokea ingawa sistahili. Msalimie mama yako.

Joanitha


Kaagya, 27 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo. Mama ni mzima. Mvua imepungua.

Kondakta aliiacha barua dukani Jumatano, mwenye duka akaisahau chini ya kaunta, na siku za Alhamisi Kuu na Ijumaa Kuu hakufungua. Ta Nathanieli aliniletea Jumamosi saa tisa alasiri, pamoja na simu yangu, anacheka, ananipa mkono wa pongezi. Nilikuwa nimetoka nyumba ya arobaini asubuhi hiyo. Kwa hiyo si kumi, Shangazi. Ni kumi na nne.

Kwa Aroni nilichelewa. Ijumaa, baada ya Njia ya Msalaba, vijana walivunja lango lake, wakamfyekea migomba nusu kibanja. Yeye hawakumgusa, walimwacha amesimama anaangalia. Unajua walifyeka na nini. Mapanga yao yalikuwa yametoka kwenye vibanja vyetu. Iliyobaki imesimama kijani, lakini mimi na yeye tunajua ni suala la wiki tatu tu.

Jumapili ya Pasaka baada ya misa nilikwenda kwake, nikapiga magoti jikoni, nikaliingiza panga la baba kwenye mafiga yake. Lilikaa mpaka waya wa mpini ukalegea na mbao ikaanza kuungua. Aroni alisogeza kuni. Kisha akasema, "Mimi nilidhani unajua. Kanisani kwetu walikuja kutufundisha, nikadhani na kwenu walikuja. Nikaona huyu kijana ana dharau." Nikamwambia na mimi nilidhani yeye ndiye mwenye dharau.

Jumatatu nilisimama mbele ya mkutano nikiwa na panga hilo. Nilisema ni mimi. Nilisoma barua yako sehemu ya ugonjwa, yote, mpaka pale pa machipukizi. Niliogopa watanipiga, lakini hakuna aliyenyanyuka. Kila mmoja aliangalia panga tu, na ningeona afadhali wanipige. Evelyne alishafika, alikuwa nyuma na begi mkononi na mtoto mgongoni. Alisikia kila neno.

Halafu Ma Anatolia akaniuliza, kwa upole, "Na huyo aliyekuandikia, yeye alijua lini?" Nyumba yake haimo kwenye zile kumi na nne, hakuuliza kwa ajili yake. Nilikuwa nimekunja karatasi pale pale linapoanza lililo gumu. Nikasema, "Juzi tu, mama." Akaitikia kwa kichwa, akasema Mungu akubariki kwa kutuandikia upesi.

Pombe sijagusa. Ila uongo huo nimelala nao siku sita sasa, na asubuhi nikishika rozari vidole vinasimama kwenye punje ya kwanza. Evelyne hajafungua begi lake. Hajaondoka pia. Jana aliniuliza mbona karatasi ile niliikunja, nikamwambia kila kitu. Akasema, "Basi bado hujamaliza."

Simu ninayo, lakini sikupigii. Kwenye simu utanibembeleza, na mimi nitakubali.

Omba ruhusa shuleni, uje Jumamosi ijayo. Beba jiki, huku duka limeishiwa. Jumatatu tarehe tano tunaanza kwa Ma Anatolia. Mimi nitakata inayougua na kuchoma panga mgomba hadi mgomba. Wewe utakaa na wenye nyumba uwaambie ni lini ulijua, na kwa nini ulinyamaza, kama ulivyoniandikia mimi, bila kupunguza. Tukitoka hapo tunakwenda nyumba ya pili. Zote ni arobaini na moja sasa, kwa sababu ya Aroni imeingia.

Mama amekutandikia kitanda cha baba. Tunaamka saa kumi na moja. Kila siku nyumba moja, Shangazi, bila kuruka. Jumapili tutapumzika.

Mwanao,
Avit